Fundi Wangu Ni Shemeji Yangu

Uwanja wa Gombani, hapa kwetu Pemba, ulikarabatiwa ukakamilika. Nalisema hili mapema nisije nikaambiwa kwamba mimi sioni jema. Januari 2025 sherehe za kutimia miaka 61 ya Mapinduzi zilifanyika hapo, Kombe la Mapinduzi likachezwa kisiwani kwetu, timu za taifa zikaja na mabasi yao, na tarehe 13 Zanzibar ikaifunga Burkina Faso 2-1 nasi tunashuhudia. Mafundi waliingia, wakapiga kazi, wakatoka, na siku ya shughuli ilipofika uwanja ukawa tayari. Mimi nakaa mitaa ya nyuma, mahali ambapo bao likifungwa kelele zinanifikia kabla jirani hajaliona kwenye televisheni yake. Nikipita pale asubuhi wakati wa ukarabati nilikuwa nikisimama kidogo, nikitazama wale watu wanavyopandishana vyuma, na nikijiuliza: hivi hawa mafundi hakuna hata mmoja ambaye ni shemeji wa mwenye uwanja?

Maana kwangu mimi lipo bati linalovuja, na mradi wa kuliziba una umri mkubwa kuliko mradi wa uwanja.

Wageni wakija Pemba husifu kijani. Vilima kijani, mabonde kijani, mikarafuu imejipanga barabara nzima kutoka Chake hadi Konde. Hawaulizi kijani hicho kinanyweshwa na nini. Kisiwa hiki kinapata mvua kuliko Unguja. Masika yanashika Machi hadi Mei, vuli inarudi mwishoni mwa mwaka, na katikati hapo kuna vimvua visivyo na jina ambavyo havikuzi muhogo wala mpunga, kazi yao ni kukagua mapaa ya watu. Mgeni anapiga picha anaondoka. Mwenyeji anatafuta beseni.

Bati langu ni geji 30, kama la wengi wetu. Katika bati namba ikipanda unene unashuka, kwa hiyo ukimsikia mtu anajisifu ana geji 30 ujue anasifu wembamba. Lakini si bati lenyewe linaloanza kufa, ni msumari. Chini ya kofia ya msumari wa bati kuna kijipande cha mpira. Jua la kaskazi linakikausha, kinapasuka, kinadondoka, wala hukisikii. Mvua ya kwanza inaacha doa la rangi ya chai kuuzunguka msumari. Hewa yetu ya chumvi inalikuza doa, doa linakuwa duara, duara linalegea, na siku moja msumari umesimama katikati ya tundu lililo pana kuliko kichwa chake, haushiki bati wala haushikwi. Mchana ukijilaza kwenye kochi unaiona nuru ya jua imepenya, ndogo, safi, inapendeza. Usiku unaona kilichoifuata.

Tone la kwanza liliangukia kochi la wageni. Mama watoto akaliangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Kaka yangu yupo."

Bajeti yangu ya mwaka ilikwisha hapo hapo, na saruji hata hatujaitaja.

Sitaki nimdhulumu mtu. Shemeji yangu ni fundi kweli. Anajua kenchi, anajua papi, anajua kupaua nyumba kuanzia boriti hadi kofia. Kitu kimoja tu alichopungukiwa, nacho ni khofu ya kufukuzwa kazi. Alikuja baada ya alasiri, hana ngazi, hana futi, hana penseli sikioni. Akasimama katikati ya sebule, mikono nyuma, akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akafyonya.

"Nani alofanya kazi hii?"

Nikanyamaza.

"Yakhe, huyu si fundi huyu. Tizama msumari kaupiga bondeni. Bati hupigwa mgongoni! Maji hupita wapi? Bondeni. Sasa yeye kayatobolea mlango kabisa, karibuni ndani."

"Ni wewe, shemeji," nikamwambia.

Hakushtuka hata kope. Akatazama tena, mara hii kwa huruma kidogo. "Basi misumari ya wakati ule ilikuwa mibaya," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Fundi wa watu mwingine ungemwambia maneno mawili matatu. Ungemkata hela, ungemwita sheha, ungeapa hatakanyaga tena kwako. Mimi nimwambie nini? Baba mkwe alipofariki, huyu ndiye aliyekuwa walii. Mkono uliokamatana na wangu siku ya kuozeshwa ndio huo huo unaoshika nyundo. Nikimwambia kazi yako mbovu, naye ataniuliza kazi ipi, maana zipo mbili alizonifanyia.

Nikachukua kalamu, akanitajia. Bati. Kofia. Misumari yenye mpira, kilo na ziada. Papi mpya, kwa sababu zile za zamani mchwa wamezila zikabakia rangi tu. Mbao za mbili kwa nne za kuongezea nguvu kwenye kenchi moja iliyoinama. Kisha akashusha macho, akaona ufa juu ya lenta ya dirisha, akaongeza saruji na mchanga. Nikauliza ufa unahusiana nini na bati. Akanijibu kwa ile methali ya ufa na ukuta, ambayo mafundi wote wa dunia wanaijua kwa moyo. Natamani kumpata aliyeitunga nimuulize wakati wake kuziba ufa kuligharimu kiasi gani, maana kwa bei za sasa mtu anaweza kukaa akapiga hesabu akaona bora asubiri ukuta.

Sasa hapo ndipo inapoingia bahari. Kisiwa chetu kinatoa karafuu, nazi, ndizi, muhogo na wanasiasa. Hakitoi bati. Saruji, nondo, mabomba, rangi, vioo, mbao za paini, vyote vinapanda chombo Tanga, au Dar es Salaam, au Unguja, vinavuka maji yenye kina cha mamia ya mita, vinashushwa Mkoani au Wete, vinapandishwa gari, na kila mkono unaovigusa njiani unaacha alama yake kwenye bei. Kutoka Pemba hadi bara ni kiasi cha kilomita 50 tu. Mfuko wa saruji unaotengenezwa Tanga ungekuwa na macho ungekaribia kuiona nyumba yangu. Lakini ukifika hapa unajibeba kwa heshima ya aliyetoka Ulaya.

Dukani Chake nikapokewa kwa jibu tunalolijua sote: "Chombo hakijaja." Upepo wa kusi ulikuwa umeshika, bahari imechafuka, majahazi yamelala bandarini. Sikuwa na ugomvi na upepo. Chombo kilipokuja nikarudi. Bati zipo, nimeziona kwa macho yangu zimeegemezwa ukutani, lakini ile bei niliyoambiwa awali haikuwemo katika shehena. Nikataka kuondoka nijaribu duka la pili. Mwenye duka, mzee mwenzake marehemu baba, namwita Ami, akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, unakwenda wapi?" Swali lile halikuwa la biashara. Magharibi tunasali safu moja, na akitoa salamu kuliani mwake nipo mimi. Nikanunua pale pale. Akanipunguzia shilingi kidogo kwa ajili ya marehemu, kisha akaniuzia misumari kwa bei ya walio hai.

Kazi ikaanza. Nasema kazi, lakini kilichoanza ni chai.

Kila anayejenga anajua chai ya saa nne. Ni haki ya fundi, haiandikwi popote na haivunjwi. Fundi wa mbali unampa kikombe, andazi mbili au muhogo wa kuchemsha, anashukuru, anapanda juu. Huyu si fundi wa mbali. Asubuhi ya kwanza nilipita jikoni nikakuta chapati, maini ya kukaanga, samaki wa mkaango, na chai ya maziwa yenye iliki iliyotiwa bila ya kupimwa. Nikauliza kuna mgeni gani.

"Kaka yangu anafanya kazi," mama watoto akasema. "Ulitaka ale nini?"

Nikamkumbusha kwamba na mimi hufanya kazi. Akanimiminia chai ya rangi.

Mchana ikawa wali wa nazi na mchuzi wa changu, kwa sababu mtu aliyeshinda juani hawezi kula muhogo. Baada ya wali ikabidi ajinyooshe barazani kidogo, kwa sababu mtu aliyekula wali hawezi kupanda ngazi. Akiamka, wingu limejikusanya upande wa Ndagoni, na bati halifunguliwi na wingu liko juu. Nikajifunza paa langu linaweza kula samaki wangapi kabla ya kung'olewa msumari mmoja. Saidia fundi wake, kijana mpole anayesema "ndiyo mjomba" kwa kila jambo, alikuwa akila kwa unyenyekevu ule ule, lakini akila.

Hatimaye wingu likachelewa siku moja, wakapanda. Nikasikia mabati yanavyong'olewa, moyo ukafurahi. Kisha nikasikia mlio mwingine, mfupi, mkavu. Nikakimbilia ndani. Kutoka kwenye dari ya chumba cha watoto ulikuwa umening'inia mguu wa shemeji yangu, ndala bado ameivaa.

"Silingi bodi yenu nyepesi," ikasema sauti kutoka juu.

Mguu ukarudi ulikotoka, bodi haikurudi. Na wakati ule ule taa zikazima.

Zamani kuzimika taa hapa hakukuwa na aibu. Hadi mwaka 2010 Pemba ilikuwa ikitegemea mashine za dizeli za Wesha, na mashine zile zikichoka, tulichoka sote pamoja. Giza lilikuwa la umma. Mkubwa na mdogo, mwenye friji na asiye na friji, wote barazani wanapiga soga na kupepea mbu. Mwaka huo waya ukavutwa chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway, tukaungwa na umeme wa bara, na tangu hapo giza limekuwa mali ya mtu binafsi. Jioni ile mtaa mzima unawaka, Gombani nzima inang'ara, nyumba moja tu imenuna. Kila anayepita anauliza kwa wema: "Vipi, umeme wa Tukuza umemalizika?" Ninao. Mita yangu ya Tukuza, ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, imejaa yuniti, naiona inanikodolea macho kwa rangi nyekundu. Ukieleza hivyo hakuna anayekuamini. Wanakuonea huruma na kukuahidi dua.

Akaitwa fundi umeme. Ni mkwe wa shemeji, amemuoa bintiye mkubwa. Kijana ana adabu, amesoma, ana testa mbili na begi la vifaa lenye zipu nzima. Akapanda juu ya meza, akachungulia ndani ya tundu lililofanywa na mguu, akakaa humo kichwa kizima. Nilikuwa chini nimeshika tochi na niliona anachokiona: waya umekatika, umekatika kweupe, na karibu yake alama ya ndala kwenye vumbi. Juu ya paa, akisubiri jawabu, amekaa baba mkwe wake.

Kijana akashuka taratibu. "Ni panya, mzee," akaniambia.

"Panya?"

"Panya." Akainua macho kidogo kuelekea juu, akayashusha haraka. "Panya mkubwa."

Kutoka juu ikaja sauti: "Panya wa hapa wabaya sana!"

Nikanunua waya kwa ajili ya panya. Nikanunua na silingi bodi. Na kwa sababu pampu haikupata umeme usiku kucha, tangi likakauka; na tangi lilipokuja kujazwa, maji yakashuka na tope lililotulia chini, koki ya jikoni ikaziba, ikafunguliwa kwa nguvu na mtu ambaye simtaji, ikavunjika shingo. Fundi bomba simuelezi. Itoshe kusema kwamba naye hakuja kama mgeni.

Sasa tuongee hesabu. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa Serikali ya Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000 kwa mwezi. Tulishangilia, na haki yetu kushangilia. Mtu mwenye mshahara huo au unaoukaribia anaweza kuishi vizuri tu Gombani, ilimradi mambo yote yabaki kama yalivyo: mtoto asiugue, dada asiolewe, friji lisigune, na mvua inyeshe kwa wakulima peke yao. Katika daftari letu la nyumba kila kitu kina mstari wake. Sukari, mchele, mkaa na gesi, umeme, daftari za skuli, nauli, mchango wa harusi, khitma, mchezo wa mama watoto na wenzake. Upo na mstari wa dharura, umepigiwa rula vizuri, na mbele yake pameandikwa "inshaallah". Ukweli ni kwamba mstari ule unatumika kila mwezi kumalizia sukari.

Watu wa nje wakisikia mtu wa Pemba analia hali wanacheka. "Si mna karafuu nyie?" Shemeji naye, aliyezaliwa hapa na kuchuma tangu utotoni, nilipomwambia vifaa vimenimaliza alinijibu hivyo hivyo, "Karafuu si zipo." Ni kweli zipo. Zipo kwenye eka tatu alizopewa babu wakati Serikali ilipogawa ardhi baada ya Mapinduzi. Babu aliacha watoto, watoto wakaacha watoto, na katika hao hakuna aliyekuwa mvivu wa kuzaa. Tukikaa kugawana, fungu langu linatosha kutia kwenye pilau. Na mkarafuu haujui kwamba wewe umetobokewa na bati: una mwaka wake wa kubeba na miaka yake ya kupumzika. Ule wa kubeba ukija, kuna wachumaji wa kulipwa kwa pishi, kuna jua la kuliomba majamvini, ndipo ufike kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu. Anayepiga hesabu ya paa juu ya karafuu zilizo mtini anaezeka nyumba ya jirani yake, maana mwenye kuchukua faida mwisho ni yule aliyekukopesha.

Nikaona nitafute njia ya mkato. Nikaulizia kimya kimya, nikaelezwa kuna fundi Wete, kijana, hodari, hana anayemjua Gombani. Nikampigia simu. Tukakubaliana bei, bei kamili yenye mwanzo na mwisho, neno tamu ambalo nilikuwa nimelisahau. Nikamchagulia siku ambayo shemeji amekwenda Mkoani kwenye maziko. Kijana akaja alfajiri na ngazi yake, futi yake na penseli sikioni. Akapanda, akagonga hapa na pale, akashuka, akaniambia, "Kazi ndogo hii, mzee, adhuhuri haitufiki." Nilikaribia kumkumbatia.

Mama watoto akatoka na chai.

Sikuizuia. Kwa sheria zipi? Akaiweka, akamkaribisha, na kwa sauti ya kawaida kabisa akamuuliza, "Kwenu hasa wapi, mwanangu?"

Wete, akasema. Lakini wazee asili yao Ole. Ole upande gani? Upande wa bondeni. Kwa nani? Akataja jina la bibi. Nikafumba macho. Kikombe cha kwanza hakijafika nusu, bibi yule keshakuwa dada wa kuchangia baba na bibi wa mama watoto. Kikombe cha pili, kijana keshatambulishwa kwa watoto. Akauliza kazi hii mwanzo alikuwa nayo nani. Akatajiwa.

"Kumbe ni ya mjomba!" Akaweka kikombe chini, akaitazama ngazi yake kwa majuto. "Basi mie siwezi kuiingilia. Itakuwa nimemvunjia heshima."

Akafunga ngazi kwenye baskeli. Nikamlipa usumbufu wake, na kwa kuwa sasa ni mtoto wetu, mama watoto akamfungia na mkungu wa ndizi awapelekee nyumbani. Shemeji aliporudi kutoka Mkoani alikuwa keshazipata habari. Hakuniuliza kitu. Kesho yake alikuja mapema kuliko siku zote, akanywa chai kavu, na mama watoto hakusema nami hadi isha.

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nashikilia ngazi, maana hiyo ndiyo kazi niliyobakishiwa katika nyumba yangu. Gharama yetu kubwa haimo kwenye bati wala saruji. Bati lina bei, hata ikiwa mbaya. Gharama imo katika lile neno analosema fundi wa nyumbani ukimuuliza ujira wake: "Tutaelewana." Fundi wa mbali anataka elfu kadhaa, unampa, mnaachana, hata jina lake unalisahau. Anayetaka kuelewana nawe hamuachani. Bintiye akianza skuli, mtaelewana. Simu yake ikiingia maji, mtaelewana. Harusi ya mwanawe ikikaribia, kadi ya kwanza ya mchango itakuja kwako, na kiwango umeshaandikiwa kwa penseli. Mimi sijui kazi ya paa langu imefikia shilingi ngapi. Naye hajui. Deni lisilo na tarakimu halilipiki.

Na bado nitakwambia jambo la pili, ingawa litaniharibia malalamiko. Usiku mmoja mvua kubwa ilipotukuta paa liko wazi upande mmoja, upepo unapeperusha kila kitu, hakuna aliyepiga simu. Mtandao wenyewe ulikuwa umekwenda. Tukasikia hodi. Ni shemeji na wanawe, wamerowa hadi kwenye mifupa, wamebeba turubai la kuanikia karafuu. Mtu wa umri wake alipanda juu ya paa linaloteleza, gizani, tochi ameing'ata mdomoni, akalifunga lile turubai pembe zote nne, akashuka, akaulizia watoto wamelala wapi. Hapo nikaelewa nilikuwa nalipa nini muda wote ule. Shemeji ni bima. Maini yale, changu yule, iliki isiyopimwa, ndiyo malipo ya kila mwezi, na bima, kama ujuavyo, hulipwa kwa manung'uniko kila siku isipokuwa siku moja.

Lakini kuelewa si kunyamaza. Bima gani hukutia mguu darini?

Paa limekwisha, alhamdulillahi. Misumari imepigwa mgongoni, nimehesabu mistari mwenyewe. Sebule ni kavu. Kwa anayetaka faida katika malalamiko haya, achukue hii: kabla ya Machi haijaingia panda juu, au mpandishe kijana, kague kile kijipande cha mpira chini ya kila msumari, kilichokauka kitoe, weka kingine. Kijipande hicho ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote nilivyonunua, na ndicho kilichonilia vyote vingine. Na bei ya kazi iseme kabla ya chai kumiminwa. Ikishamiminwa, umechelewa.

Juzi jirani yangu wa ubavuni, yule anayechelewa kuona mabao, alinisimamisha njiani. Bafu lake linavuja, dari imefanya ramani, na amependezewa na paa langu jipya. Jirani huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza kama Tukuza yangu imemalizika, na wa mwisho kuacha kuniuliza. Akataka nimuelekeze kwa fundi mzuri, mwaminifu, asiyekuwa na makuu kwenye bei.

Wazee wamesema udugu ni kufaana, si kufanana. Nikampa namba ya shemeji yangu. Nikamwambia huyu hana bei kabisa, wataelewana. Kisha nikamuuliza, kwa wema tu, kama jikoni mwake iliki ipo ya kutosha.